Safari Ndefu, Kiti Chembamba

Zamani mtu aliyepanda ndege alijulikana kijiji kizima, na mara nyingi alikuwa kijana aliyekwenda ng'ambo kusoma, au mchungaji aliyealikwa mkutanoni. Siku hizi mambo yamegeuka. Binti zetu wameolewa Uingereza, wana wetu wanafanya kazi Marekani na Kanada, na mtoto akizaliwa huko simu hupigwa nyumbani: "Mama, njoo unisaidie kulea." Wengine wetu huenda India kwa matibabu au kumsindikiza mgonjwa. Basi abiria wa safari ndefu leo ni mama wa miaka 50 au 60, mwenye wajukuu, mwenye magoti yanayolalamika, na mara nyingi mwenye mwili mkubwa.

Mama huyu hukutana na jambo ambalo hakuna aliyemwambia mapema. Anaingia ndegeni, anatafuta namba ya kiti chake, na anapojaribu kukaa anaona kiti hakimtoshi. Mikono ya kiti, yaani vile vibao vya kuegemeza viwiko, inamkata mapajani. Mkanda haufiki. Jirani yake anashusha pumzi na kugeukia dirishani. Na mbele yao kuna saa 14 au 15 za kukaa hivyo.

Tunawafahamu akina mama ambao, baada ya safari moja ya namna hiyo, waliapa kutopanda ndege tena. Mmoja wao ana wajukuu watatu ng'ambo. Amempakata mmoja tu, wale wawili anawajua kwa picha. Akiulizwa kwa nini haendi, husema ni presha. Presha anayo kweli, lakini siyo inayomzuia.

Jambo hili linatushangaza kidogo. Nyumbani mwili mkubwa si fedheha. Watu husema mama amenawiri, na fundi cherehani huongeza kitambaa bila kusema neno. Lakini mwili huohuo ukifika mlangoni mwa ndege, mwenyewe anauonea haya kana kwamba ameuiba mahali. Hatusemi kwamba unene hauna madhara kwa afya. Madhara yapo, na daktari ataeleza vizuri kuliko sisi. Ila hakuna anayepungua kilo 30 kati ya siku ya kukata tiketi na siku ya kusafiri. Mwili utakaosafiri ni huu ulio nao. Kinachoweza kubadilishwa ni kiti, na hicho hubadilishwa kabla ya kulipa fedha.

KITI KINA UPANA GANI?

Chukua futi ya fundi cherehani. Kiti cha daraja la kawaida katika ndege za safari ndefu, ukipima kutoka mkono mmoja wa kiti hadi wa pili, kwa kawaida kina upana wa kati ya inchi 17 na 18 na nusu, yaani sentimita 43 hadi 47. Mtu atasema inchi moja ni kitu gani. Sisi tunaoshona tunajua. Punguza inchi moja kiunoni mwa sketi kisha uivae kutoka asubuhi hadi usiku, ndipo utajua inchi moja ni kitu gani.

Sasa jipime mwenyewe, lakini si kwa namna ya fundi. Fundi hupima mzunguko wa nyonga, na ndege haina haja na mzunguko. Kaa kwenye benchi lisilo na mikono, ubavu mmoja wa nyonga ukigusa ukuta. Mwambie binti yako asimamishe ubao au boksi gumu likuguse ubavu wa pili. Inuka taratibu, kisha pimeni kutoka ukutani hadi kwenye ubao. Huo ndio upana wako ukiwa umekaa. Ukiwa chini ya inchi 17, soma makala hii kwa ajili ya dada yako. Ukiwa kati ya 17 na 18 na nusu, kuchagua ndege na kiti kutakusaidia sana. Ukizidi 19, fikiria mambo tutakayoyasema mbele kuhusu viti viwili. Mwili hubonyea, ni kweli, na wengi hukaa katika kiti kilicho chembamba kuliko wao. Lakini kubanwa dakika 40 ndani ya daladala si sawa na kubanwa usiku kucha juu ya bahari.

HESABU VITI VYA MSTARI

Wengi hudhani kwamba ndege kubwa ina viti vikubwa. Sivyo. Aliyetengeneza ndege hutengeneza mwili wake. Shirika linaloinunua ndilo huamua viti vingapi vitapangwa katika kila mstari. Kwa hiyo ndege mbili za aina moja, zimekaa uwanjani kama pacha, zinaweza kuwa na viti vyenye upana tofauti.

Tuchukue Boeing 777, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 1995. Mashirika mengi yaliyoinunua miaka ile yaliweka viti 9 katika mstari wa daraja la kawaida, na kila kiti kilikuwa na inchi 18 au zaidi kidogo. Baadaye, katika kutafuta faida, mengi yakaongeza kiti cha 10. Ndege haikupanuka hata kidogo. Viti ndivyo vilivyopungua vikawa na inchi 17 hivi, na njia za kupita nazo zikabanwa. Boeing 787, ile waiitayo Dreamliner, iliyoanza kazi mwaka 2011, ina habari hiyohiyo. Inaweza kupangwa viti 8 kwa mstari, na Japan Airlines imeipanga hivyo katika safari zake za nje. Lakini karibu mashirika mengine yote yameweka 9, na kiti kikabaki na inchi 17 na kidogo.

Hii inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2018 Air Tanzania ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza, na mwaka uliofuata ikaanza safari za Dar es Salaam hadi Mumbai. Kenya Airways ilianza Oktoba 2018 kuruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua, safari ya saa 15 hivi, kwa ndege za aina hiyohiyo. Katika mashirika yote mawili daraja la kawaida lina viti 9 kwa mstari, vitatu vitatu. Ni ndege nzuri. Hewa yake haikaushi koo kama ndege za zamani, na madirisha yake ni makubwa. Lakini mama mwenye nyonga pana ajue mapema kwamba kiti si kipana.

Ndege zinazotengenezwa Ulaya na Airbus huwa na nafuu kidogo. Airbus A330 kwa kawaida ina viti 8 kwa mstari: viwili dirishani, vinne katikati, viwili dirisha la pili. Kila kimoja kina inchi 18 hivi. Airbus A350 ina 9 kwa kawaida, na kwa kuwa mwili wake ni mpana kuliko wa 787, kiti hufikia inchi 18. Ile kubwa ya ghorofa mbili, A380, ina 10 katika ghorofa ya chini na bado kila kiti kina inchi 18 au zaidi. Wapo wanaobana kupita kawaida, hasa mashirika ya bei rahisi yanayotia viti 9 ndani ya A330, kwa hiyo usitegemee jina la ndege peke yake. Swali la kumwuliza wakala wa tiketi ni fupi: "Ndege hii ina viti vingapi kwa mstari katika daraja la kawaida?" Kama hajui, anaweza kufungua ramani ya viti kwenye kompyuta yake na kuhesabu mbele yako. Haimchukui dakika mbili.

Kuna jambo linalochekesha. Air Tanzania ina pia ndege ndogo za Airbus A220, ambazo ilianza kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2018. Hizi zina viti 5 tu kwa mstari, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na zilibuniwa kuwa na viti vyenye inchi 18 na nusu, kile cha katikati inchi 19. Kwa hiyo mama anayeruka saa moja na nusu kwenda Mwanza anaweza kukaa kwa raha kuliko anapokwenda Mumbai.

KITI KIPI NDANI YA NDEGE?

Ukishajua ndege, chagua kiti. Hapa watu hupeana ushauri ambao kwa mtu mwembamba ni mzuri na kwa mnene ni mtego.

Mtego wa kwanza ni mstari wa mbele kabisa, unaotazamana na ukuta. Watu huupenda kwa sababu miguu inanyooka. Lakini kwa kuwa mbele yako hakuna kiti cha kushikilia kimeza cha chakula, kimeza hicho hufichwa ndani ya mkono wa kiti, na mkono wa namna hiyo ni mnene na haunyanyuki. Mara nyingi upana wa kukalia hupungua. Mstari wa kwenye mlango wa dharura una shida hiyohiyo, tena kuna shida ya pili: anayekaa hapo anatakiwa aweze kuufungua mlango haraka, na mashirika mengi hayamruhusu anayetumia kipande cha kuongezea mkanda kukaa mahali hapo. Ukipewa kiti hicho kama upendeleo, kikatae kwa adabu, maana utahamishwa mbele ya watu wote.

Dirishani ni pazuri kwa anayetaka kulala, kwa sababu bega linaegemea ukuta na humsumbui mtu wa upande huo. Ubaya wake ni kwamba hutainuka. Mama zetu wana haya. Kuwaamsha watu wawili ili uende chooni ni kazi, na matokeo yake mtu hukaa saa 8 bila kusogea. Kiti cha kando ya njia kinakupa nafasi ya kuinuka upendavyo, na bega na mguu vinapata hewa upande mmoja. Toroli ya chakula itakugusa mara mbili tatu, vumilia. Tena, katika ndege nyingi mkono wa kiti ulio upande wa njia nao hunyanyuka, ingawa unaonekana kama umegandishwa. Kuna kitufe au kishikio kidogo kilichofichwa chini yake, karibu na kiungio cha nyuma. Mwombe mhudumu akuonyeshe. Wakati wa kuruka na kutua atakuambia uushushe, lakini kwa saa zote za katikati utapata nafuu kubwa. Sisi kama tungelazimishwa kuchagua kimoja tungechukua hiki cha njiani.

Kama unasafiri na mume wako, tafuta ndege yenye viti viwili dirishani, kama A330. Nyanyueni mkono wa kiti ulio kati yenu na mambo yameisha. Mume wako hatalalamika, na akilalamika mkumbushe kitanda cha futi 4 mlichoanzia maisha. Katika ndege yenye viti vitatu vitatu, chukueni cha dirishani na cha njiani, muache cha katikati wazi. Kiti cha katikati ndicho cha mwisho kuchukuliwa, na ndege isipojaa mtakuwa na viti vitatu kwa watu wawili. Ikijaa, mgeni atakayekuja atafurahi kubadilishana nanyi. Na katika Boeing 777 nyingi kuna mistari michache ya mwisho kabisa, pale mwili wa ndege unapoanza kuwa mwembamba kuelekea mkiani, ambako viti vitatu vya dirishani hupungua kuwa viwili. Ni karibu na choo na kelele zake, lakini wanaojua huvikimbilia.

Siku ya safari, ukifika kwenye dawati la uwanjani, uliza kama ndege imejaa. Waambie kwa sauti ya kawaida kwamba una mwili mkubwa na ungependa kukaa karibu na kiti kitupu kama kipo. Wahudumu wa dawati husikia maombi ya ajabu kuliko hilo kila siku.

MKANDA, KIMEZA NA CHOO

Mkanda usipofika, kipo kipande cha kuongezea. Hutolewa bure na wahudumu, na kila ndege kubwa huwa navyo kadhaa. Unapoingia mlangoni, pale wanapokusalimu, sema polepole, "Naomba kipande cha kuongezea mkanda." Atakuletea kimekunjwa mkononi bila watu kujua. Usingoje mpaka ndege ianze kutembea, wala usifanye kama wanavyofanya wengine, kufunika mkanda usiofungwa kwa khanga ili mhudumu apite asione. Ndege ikiingia kwenye hewa iliyochafuka, aliye bila mkanda hurushwa mpaka dari. Vipande hivi huuzwa pia madukani na kwenye mitandao, lakini mashirika mengi hayakubali cha kwako kwa sababu hawajui kilivyokaguliwa. Na ujue kwamba viti vichache, hasa vya mbele na vya madaraja ya juu, vina mikanda yenye mfuko wa hewa ndani, ambayo kipande cha kawaida hakiingii. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza kabla.

Kimeza cha chakula mara nyingi hakishuki sawasawa juu ya tumbo kubwa, kinabaki kimeinama na juisi inatiririka. Weka mto mdogo wa ndege mapajani na sinia juu yake, au omba chakula chako kije kwa vipande, kwanza wali, kisha chai. Kama kiti cha jirani ni kitupu, tumia kimeza chake.

Kuhusu choo tutasema wazi, kwa kuwa tunazungumza akina mama watupu. Wapo wasiokunywa maji safari nzima kwa kuogopa kile chumba chembamba. Usifanye hivyo. Ndege kubwa nyingi zenye njia mbili zina choo kimoja kilicho kipana zaidi, kilichowekwa kwa ajili ya abiria wenye ulemavu. Mwulize mhudumu kipo wapi mara tu taa ya mikanda ikizimwa. Kwa nguo, achana na sketi ya kubana na yale mavazi ya kukaza tumbo. Gauni pana au suruali laini ya kiunoni mpira, na khanga mbili mkobani. Moja ya kujifunika, nyingine ikunje uiweke nyuma ya kiuno, maana mgongo wa kiti hicho haukumfikiria mwenye makalio yetu.

VITI VIWILI, NA NANI AVILIPIE?

Kwa aliyezidi sana upana wa kiti, njia ya uhakika ni kununua viti viwili vilivyo pamoja. Mashirika mengi huruhusu, lakini lazima vikatwe kwa tiketi moja wakati mmoja, na wakala aandike kwamba kiti cha pili ni nafasi ya ziada ya abiria huyohuyo. Ukijikatia mwenyewe kwa majina mawili, kompyuta itadhani mmoja hakufika na kumpa mtu mwingine kiti chako. Uwanjani hakikisha umepewa kadi mbili za kupandia, na uzishike zote mpaka mwisho.

Bei yake? Hapa kila nchi na kila shirika lina lake. Kanada imekwenda mbali kuliko wengi. Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu ambaye unene wake umekuwa ulemavu asilipishwe kiti cha pili katika safari za ndani ya Kanada, na utaratibu ukaanza Januari 2009. Uamuzi huo ulihusu mashirika makubwa kama Air Canada na WestJet, na unahitaji uthibitisho wa daktari. Kwa hiyo bibi anayetua Toronto na kuunganisha kwenda Calgary ana jambo la kuuliza kuhusu kipande hicho cha pili, ingawa kile cha kutoka Afrika hakimo. Air France ilieleza mwaka 2010 kwamba kiti cha pili huuzwa kwa punguzo la robo ya bei, na fedha hurudishwa kama ndege haikujaa. Marekani, shirika la Southwest kwa miaka mingi lilikuwa likirudisha fedha za kiti cha pili kwa urahisi. Mwaka 2025 likatangaza kwamba kuanzia Januari 27, 2026 abiria alipie mapema, na arudishiwe ikiwa tu ndege imeondoka na nafasi. Kwa ufupi, masharti haya hubadilika. Omba yaandikwe kwenye karatasi au barua pepe, maana maneno ya simu hayasaidii uwanjani usiku wa manane.

Daraja la katikati, lililo juu ya lile la kawaida na chini ya la biashara, huwa na kiti cha inchi 19 hivi. Linganisha bei yake na ya viti viwili vya kawaida. Wakati mwingine ni nafuu, lakini mikono ya viti vyake mara nyingi hainyanyuki, hivyo inchi 19 ni 19 tu. Hata la biashara si sofa kama tunavyodhani. Vile viti vinavyolala kama kitanda vingi vina inchi 20 hadi 22 mabegani na nyonga.

Serikali nazo zimeanza kulitazama jambo hili, taratibu. Mwaka 2017 mahakama moja ya Marekani iliitaka mamlaka ya anga ya nchi hiyo ifikirie upya suala la viti vinavyozidi kupungua, na mwaka 2018 Bunge lao likatunga sheria inayoiagiza mamlaka hiyo iweke kipimo cha chini cha viti kwa ajili ya usalama. Kanuni za nchi hiyo hutaka ndege iweze kutolewa watu wote kwa sekunde 90. Basi wakafanya majaribio huko Oklahoma, mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, kwa watu 775 wa kujitolea. Wote walikuwa watu wazima wenye afya, walio chini ya miaka 60. Bibi wa miaka 65 mwenye magoti mabovu, ambaye ndiye hasa angechelewa, hakuwamo.

MIGUU

Tusizungumze raha peke yake. Kukaa muda mrefu bila kusogea huifanya damu iende polepole miguuni, na kwa watu wachache hufanya bonge ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika na kupanda mapafuni huweza kuua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, ingawa bado ni ndogo, kama mtu mmoja katika 6,000. Lakini utafiti huohuo ulisema inaongezeka kwa watu wanene, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji na aliyewahi kupata bonge la damu wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Unapokaa, kunja na kunjua vifundo vya miguu, inua visigino, kisha vidole. Inuka kila saa moja au mbili utembee mpaka nyuma na kurudi. Mkoba usiuweke chini ya kiti cha mbele ukazuia miguu. Soksi za kubana za hadi chini ya goti husaidia, lakini zipimwe zikutoshe. Zikikaza juu kama mpira wa soksi za shule zinadhuru badala ya kusaidia. Viatu vaa vya kufunguka, maana miguu itavimba na ile mokasini ya harusi haitaingia tena London. Kuvimba miguu yote miwili kidogo ni kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma ya goti au chini yake, hata siku kadhaa baada ya safari, au ukishikwa na kifua na pumzi, usiseme ni uchovu. Nenda hospitali na uwaambie umetoka kwenye ndege.

Kama kutembea mbali ni taabu, agizeni kiti cha magurudumu. Ni bure, na mashirika huomba waambiwe saa 48 kabla. Katika viwanja vikubwa unakobadilisha ndege, mwendo kutoka mlango hadi mlango unaweza kuwa kama wa kutoka nyumbani hadi sokoni.

ANAYEKATA TIKETI

Limebaki jambo moja ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote. Tiketi ya mama mara nyingi haikatwi na mama. Hukatwa na watoto walio ng'ambo, na mara nyingi na mkwe. Mkwe wa kiume, kwa heshima aliyo nayo, hawezi kumwuliza mama mkwe wake habari za nyonga, na mama hawezi kumwambia. Basi kijana anatafuta tiketi iliyo rahisi, yenye vituo vitatu, anapewa kiti cha katikati, na anaituma kwa furaha. Mama anashukuru, ananyamaza, na anateseka.

Mazungumzo haya ni ya mama na binti yake, mapema, kabla ya tarehe kupangwa. Mpe ile namba uliyopima ukutani. Mwambie atafute ndege yenye viti 8 kwa mstari, au 9 kama ni A350, na kiti cha njiani kilicholipiwa kabla. Mashirika mengi hutoza fedha kidogo kwa kuchagua kiti, na fedha hiyo si anasa. Kama huna binti, mwambie mke wa mwanao. Wakwe wa kike wengi hufurahi kuaminiwa jambo kama hilo, na wao ndio wataokuwa wanakungoja na mtoto mkononi. Yeye atalifikisha kwa mumewe kwa maneno yanayofaa, kama vile, "Mama anahitaji nafasi kwa ajili ya miguu yake," na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake.

Binti akishapata tiketi, aangalie pia ndege ya kurudi, kwa sababu mara nyingi si ile ya kwenda. Tena aitazame upya wiki moja kabla, maana mashirika hubadilisha ndege na viti vilivyochaguliwa huhama. Na kumbukeni kwamba baada ya miezi mitatu ya kupikiwa na mkwe, mama anaweza kurudi na inchi moja zaidi.